Mvumo, Uvumi na Uvumilivu: Nafasi ya Lugha katika Migogoro ya Mitambo ya Upepo na Makazi

1.0 Utangulizi

Kitenzi 'vuma' ni miongoni mwa vitenzi vya Kiswahili vilivyo na ukoo mpana wa maana. Upepo huvuma, nyuki huvuma, ngoma huvuma, na mtu aliyepata sifa huvuma vilevile. Kutokana na kitenzi hiki hupatikana nomino 'mvumo', yaani sauti nzito inayoendelea, na nomino 'uvumi', yaani habari zinazoenea bila watu kuujua ukweli wake wala chanzo chake. Karibu na maneno hayo, kwa umbo ijapokuwa si lazima kwa asili, kuna kitenzi 'vumilia' na nomino yake 'uvumilivu'.

Maneno haya matatu yanaweza kumfaa mtafiti anayetaka kuuelewa mgogoro ambao umejitokeza katika nchi nyingi na ambao Kenya imekwisha kuuonja: mgogoro kati ya wakazi na wenye miradi ya umeme wa upepo kuhusu sauti ya mitambo na umbali wake kutoka nyumbani kwa watu. Kwa kawaida mgogoro huu huachiwa wahandisi na mawakili. Makala haya yanashikilia kwamba ni suala la lugha pia. Pale ambapo kipimo cha sauti na cha umbali hakikuelezwa kwa lugha anayoimiliki mkazi, mkazi huyo huachiwa mambo mawili tu ya kuchagua: kuusadiki uvumi au kuuvumilia mvumo. Hakuna lolote kati ya hayo mawili linaloweza kuitwa haki.

Suala lenyewe si la mbali. Katika vilima vya Ngong mitambo miwili ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993, na baadaye kituo hicho kikapanuliwa hadi megawati 25.5. Mradi wa Ziwa Turkana katika Kaunti ya Marsabit, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018. Mradi wa Kipeto katika Kaunti ya Kajiado, wenye mitambo 60 na uwezo wa megawati 100, ulianza kuuza umeme mwaka 2021. Upepo mzuri hauvumi jangwani peke yake. Huvuma pia penye mashamba, malisho, shule na nyumba, na hapo ndipo swali la umbali linapozaliwa.

2.0 Msamiati wa Sauti: Kelele, Mlio au Mvumo?

Ni muhimu kwanza kueleza sauti inayozungumziwa. Mtambo wa upepo hutoa sauti ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya mashine yenyewe: gia, jenereta na vipoza joto vilivyomo katika chumba kilicho juu ya mnara. Katika mitambo ya kisasa sauti hii imepunguzwa sana. Aina ya pili, ambayo sasa ndiyo kubwa, hutokana na mabawa yanapoikata hewa, hasa karibu na ncha zake. Ncha hizo zaweza kwenda kwa kasi ya mita 70 hadi 80 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Anayeutazama mtambo kwa mbali huona mabawa yanayozunguka kwa utulivu, asidhani kwamba ncha zake zina mwendo wa kasi kuliko gari lolote barabarani.

Sauti ya mabawa ina sifa nyingine inayosahauliwa katika ripoti nyingi: hupanda na kushuka kwa mpigo. Mtambo wenye mabawa matatu unaozunguka mara 15 kwa dakika hupitisha bawa mbele ya mnara mara 45 katika dakika hiyo. Kwa hiyo sauti inayomfikia mkazi haifanani na ile ya mto unaotiririka kwa mfululizo. Hufika kwa mawimbi: vuu, kisha kimya kidogo, kisha vuu tena. Wahandisi hukadiria wastani wa sauti hiyo kwa muda fulani na kuandika tarakimu moja. Wastani huo huficha mpigo, na mpigo ndio unaomsumbua mtu aliyelala. Kiswahili kina utajiri wa tanakali za sauti ambazo huweza kuieleza tofauti hiyo kwa usahihi. Mkazi anayesema kwamba sauti "inakwenda vuu, vuu kama mtu anayepepeta" ametoa taarifa ya kisayansi ambayo tarakimu ya wastani haikuibeba. Taarifa hiyo yastahili kuandikwa jinsi ilivyotolewa, isifupishwe kuwa "analalamika kuhusu kelele".

Neno 'kelele' lenyewe lahitaji tahadhari. Katika Kiswahili, 'kupiga kelele' ni kutoa sauti kubwa na pia ni kulalamika. Hivyo basi, katika mkutano wa hadhara neno hili huweza kumgeukia mlalamishi: mtambo unapiga kelele, naye anayeulalamikia huambiwa kwamba anapiga kelele. Methali isemayo kuwa kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji imezoeleka katika majukwaa ya siasa, na maana yake ni wazi: anayelalamika ni chura, na mradi ni ng'ombe. Neno 'mvumo' halina kasoro hiyo. Huitaja sauti bila kumhukumu anayeitaja, na kwa sababu hiyo linafaa zaidi katika nyaraka rasmi.

Kipimo cha mvumo huu ni desibeli. Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea, kwa kuwa desibeli hazijumlishwi kama mita au kilo. Mitambo miwili inayofanana, ikiwa katika umbali mmoja na msikilizaji, haiongezi sauti maradufu katika tarakimu. Huongeza desibeli 3 tu. Ongezeko la desibeli 10, kwa upande mwingine, husikika na watu wengi kama sauti iliyozidi mara mbili. Kwa hiyo tofauti kati ya desibeli 35 na 45, ambayo kwa mtu asiyeelezwa huonekana ndogo, ni tofauti kati ya usiku mmoja na usiku mwingine kabisa.

3.0 Hesabu ya Umbali

Sauti hufifia kadiri mtu anavyokwenda mbali na chanzo chake. Kanuni ya jumla ni kwamba kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Tuchukulie mtambo mmoja mkubwa wenye nguvu ya sauti ya desibeli 105, kiwango ambacho ni cha kawaida, ukiwa katika uwanda ulio wazi. Kwa hesabu rahisi isiyojumuisha sauti inayomezwa na hewa, mkazi aliye mita 250 atafikiwa na desibeli 49. Aliye mita 500 atafikiwa na desibeli 43, na aliye mita 1,000 desibeli 37. Ili zifike 35, umbali hukaribia mita 1,250. Katika hali halisi hewa na mimea huipunguza sauti kidogo, ilhali wingi wa mitambo huiongeza. Hata hivyo, hesabu hii yatosha kuonyesha uzito wa suala lenyewe.

Uzito huo unaonekana wazi inapolinganishwa na sheria. Kanuni za Kenya za kudhibiti uchafuzi wa kelele na mitetemo za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, ziliweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba katika maeneo ya makazi. Usiku ulielezwa kuwa ni kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Anayeisoma tarakimu hiyo pamoja na hesabu iliyotangulia ataona kwamba kikomo cha usiku kinadai umbali unaokaribia kilomita moja au zaidi. Katika nchi ya wakulima wadogo, ambapo shamba hupakana na shamba na boma hutazamana na boma, si rahisi kuipata sehemu iliyo kilomita nzima kutoka kwa kila nyumba.

Isitoshe, kanuni hizo zililenga kelele za jumla: muziki wa baa, vipaza sauti vya mahubiri, karakana na ujenzi. Mtambo wa upepo una tabia ya pekee. Huvuma zaidi upepo unapovuma zaidi, na wakati huohuo upepo wenyewe hutikisa miti na mabati. Kipimo kinachowekwa uani usiku wa upepo mkali huweza kupita desibeli 35 hata kama mtambo umezimwa. Swali basi huwa: sauti iliyopimwa ni ya nani? Tarakimu isiyotaja kasi ya upepo wala sauti ya mazingira huwapa wote wawili, mkazi na mwenye mradi, nafasi ya kudai kwamba kipimo kiko upande wake.

Nchi nyingine zimelijibu swali hilo kwa njia mbalimbali. Denmark huweka kikomo kulingana na kasi ya upepo: kwa nyumba zilizo mashambani, desibeli 42 upepo ukiwa na kasi ya mita 6 kwa sekunde na desibeli 44 ukiwa na mita 8. Aidha, mtambo hauruhusiwi kuwa karibu na nyumba kuliko mara nne ya urefu wake, na tangu mwaka 2012 sauti nzito za ndani ya nyumba zina kikomo chake. Uingereza ilifuata mwongozo wa miaka ya 1990 uliolinganisha sauti ya mtambo na sauti ya mazingira yenyewe. Jimbo la Ontario nchini Kanada liliweka mwaka 2009 umbali usiopungua mita 550 pamoja na kikomo cha desibeli 40. Jimbo la Bavaria nchini Ujerumani lilidai mwaka 2014 umbali wa mara kumi ya urefu wa mtambo, na Poland ikafuata kwa sheria kama hiyo mwaka 2016.

Kanuni ya mara kumi ina funzo lake. Mtambo wenye urefu wa mita 200 ulihitaji kilomita mbili kutoka kwa nyumba, na matokeo yake yakawa kwamba nafasi ya kujenga ilikaribia kutoweka. Bavaria ililegeza sharti hilo mwaka 2022, na Poland ikalishusha hadi mita 700 mwaka 2023. Umbali basi hautokani na sayansi peke yake. Huo ni mkataba kati ya haja ya taifa ya umeme na haja ya mtu ya usingizi. Mkataba hauwezi kuwa halali iwapo upande mmoja haukuelewa lugha uliyoandikiwa.

4.0 Kinangop: Uvumi Uliotangulia Mvumo

Mfano wa Kenya unaolifafanua jambo hili vizuri ni ule wa Kinangop katika Kaunti ya Nyandarua. Mradi uliokusudiwa ulikuwa wa mitambo 38 yenye uwezo wa megawati 60.8. Kinangop ni nchi ya viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa. Sehemu yake kubwa iligawanywa kuwa mashamba madogo katika mipango ya makazi ya miaka ya 1960, na kwa hiyo watu huishi karibukaribu. Wakazi walilalamikia fidia, matumizi ya ardhi, namna walivyoshirikishwa, ukaribu wa mitambo na nyumba zao, na athari walizozihofia kwa afya ya watu na mifugo. Mwaka 2015 maandamano yalizuka, na mtu mmoja akapoteza maisha. Mnamo Februari 2016 wawekezaji walitangaza kwamba mradi umesitishwa kabisa.

Jambo la kuzingatiwa na mwanafunzi wa lugha ni hili: hakuna hata bawa moja lililowahi kuzunguka Kinangop. Mvumo haukusikika. Kilichosikika ni uvumi. Watu waligombana, na mmoja wao akafa, kabla ya sauti yenyewe kuzaliwa.

Wepesi wa kulisoma tukio hili ni kusema kwamba wakazi walidanganywa na uvumi. Usomaji huo una chembe ya ukweli. Mnamo mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Auckland nchini New Zealand walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu walionyeshwa kwanza habari za kutisha kuhusu sauti za mitambo ya upepo zilizo chini ya uwezo wa sikio. Baadaye watu hao walitaja dalili za maradhi hata walipokaa katika chumba ambamo sauti hiyo haikuchezwa. Hofu iliyopandwa na maneno ilizaa maumivu mwilini. Utafiti mkubwa wa wizara ya afya ya Kanada, uliowahusisha watu 1,238 na kutoa matokeo yake mwaka 2014, nao haukupata uhusiano kati ya sauti ya mitambo na maradhi waliyoyataja wakazi. Ulichopata ni kwamba kadiri sauti ilivyoongezeka, ndivyo walivyozidi watu walioudhika nayo.

Hata hivyo, uvumi hauoti mahali palipojaa maelezo. Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Mkazi aliyesikia kwamba mtambo utasimama mita kadhaa kutoka kwa zizi lake, na ambaye hakupewa ripoti anayoweza kuisoma, hana budi kulijaza pengo hilo kwa habari za sokoni. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003 zilitambua hatari hiyo. Ziliagiza mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu, na matangazo ya redio kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Agizo hilo lilihusu tangazo. Ripoti yenyewe, yenye ramani za sauti na majedwali ya umbali, kwa desturi huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mwananchi huitwa kwa lugha yake, kisha hujibiwa kwa lugha ya mwingine.

Kuyaita malalamiko yote ya Kinangop uvumi ni kosa la pili. Methali nyingine inayotumia kitenzi hiki yasema kwamba avumaye baharini ni papa, kumbe wengine wapo. Sauti na afya vilivuma, lakini chini yake kulikuwa na maswali ya ardhi, fidia na ushirikishwaji ambayo hayakuwa uvumi hata kidogo. Ziwa Turkana hutoa ushahidi wa upande wa pili. Huko mitambo imesimama katika nchi kame yenye wakazi wachache, na suala la sauti halikuvuma. Ardhi ndiyo iliyovuma, hata mnamo Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi zilipatikana kwa njia isiyofuata sheria. Mtafiti anayekutana na malalamiko ya kelele hana budi kuuliza ni samaki gani wengine waliomo baharini.

5.0 Mlango ni wa Nani?

Waswahili husema pia kwamba kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Methali hii hutumiwa kumbeza anayesema maneno ya bure, lakini ikisomwa kwa makini inaeleza jambo ambalo utafiti umelithibitisha. Mlango ukilia, mwenye nyumba hulala kwa sababu mlango ni wake. Mgeni hukesha.

Utafiti uliofanywa Uholanzi mwaka 2007 kwa watu 725 wanaoishi karibu na mitambo ya upepo, na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba waliopata faida ya kifedha kutokana na mitambo hiyo hawakuudhika kwa kiasi kikubwa, ijapokuwa wengi wao waliishi mahali penye sauti kubwa zaidi. Matokeo hayo hayamaanishi kwamba wasiofaidika ni waongo. Yanamaanisha kwamba sikio halisikii desibeli peke yake. Husikia pia haki na dhuluma, lenyewe likiwa sehemu ya mtu mzima mwenye shamba, majirani na kumbukumbu.

Katika mazingira ya Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Kampuni hukodi eneo dogo linalotosha mnara na barabara, na mwenye shamba hilo hulipwa. Jirani yake, ambaye nyumba yake huenda iko karibu na mnara kuliko nyumba ya mwenye shamba, hapokei chochote. Mpaka wa malipo hufuata ua wa shamba, ilhali mvumo hauna ua. Mgogoro unaoelezwa kuwa wa kelele mara nyingi huwa ni mgogoro kati ya mwenye mlango na mgeni anayekesha. Kauli "jamii imekubali mradi" huificha tofauti hiyo, kwa kuwa neno 'jamii' linawafunika wote wawili. Uchanganuzi wa lugha wapaswa kuuliza: jamii ipi, waliokodisha au waliopakana nao?

6.0 Uvumilivu na Sheria

Baada ya mitambo kusimama, mkazi huhimizwa avumilie. Umeme ni wa taifa, huambiwa, na hewa safi ni ya ulimwengu. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa: umeme wa upepo hautoi moshi, na kila megawati inayotokana na upepo yaweza kupunguza dizeli inayochomwa. Lakini uvumilivu ni sifa pale tu mtu alipoujua mzigo aliokubali kuubeba. Mzigo usiojulikana uzito wake huitwa kwa jina lingine.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba wastani wa sauti ya mitambo ya upepo kwa siku nzima, ukiupa jioni na usiku uzito zaidi, usizidi desibeli 45. Pendekezo hilo lilikuwa la masharti, na kuhusu usiku peke yake Shirika halikutoa kikomo kwa sababu ushahidi haukuwa imara vya kutosha. Mahakama, kwa upande wake, haziwezi kungoja ushahidi wa ulimwengu mzima. Mnamo Machi 2022 Mahakama Kuu ya jimbo la Victoria nchini Australia iliamua kwamba sauti ya usiku kutoka mradi wa Bald Hills, wenye mitambo 52, ilikuwa kero ya kisheria kwa majirani wawili. Iliamuru walipwe fidia na ikaizuia kampuni kuendeleza kero hiyo nyakati za usiku. Mahakama haikusema kwamba umeme wa upepo hauna manufaa. Ilikataa tu kwamba manufaa ya wengi yalipwe kwa usingizi wa watu wawili pasi na mpango wowote wa kuwasaidia.

Njia za kusaidia zipo. Mtambo waweza kupunguziwa kasi usiku, upepo unapoelekea kwenye nyumba, kwa hasara ndogo ya umeme. Mabawa yaweza kutiwa meno kama ya msumeno kwenye ukingo wa nyuma ili kuipunguza sauti. Mnara mmoja waweza kusogezwa katika ramani kabla haujasogea kuwa jambo la gharama. Lakini ili mkazi adai mojawapo ya hayo, lazima ajue kwamba lipo, na lazima liwe na jina katika lugha yake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeuweka msingi wa dai hilo. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari, cha 42 haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 69 kinaitaka serikali ihimize ushiriki wa umma katika usimamizi wa mazingira. Vikisomwa pamoja, ni vigumu kuona jinsi haki ya habari inavyoweza kutimizwa kwa ripoti ambayo mhusika mkuu hawezi kuisoma.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mgogoro wa mvumo na umbali una pande tatu ambazo Kiswahili kimeziweka karibu katika maumbo ya maneno yake. Mvumo hupimika, lakini kipimo chake hudai maelezo kuhusu upepo, usiku na mpigo. Uvumi hujaza nafasi iliyoachwa na maelezo hayo yanapokosekana, na Kinangop ilidhihirisha kwamba waweza kuua mtu na mradi pamoja. Uvumilivu huombwa mwishoni, wakati ambapo ungepaswa kujadiliwa mwanzoni, bei yake ikiwa wazi.

Kazi iliyo mbele ya wasomi wa Kiswahili ni mahususi. Muhtasari wa kila tathmini ya mradi wa upepo ungeweza kuandikwa kwa Kiswahili sanifu, na kwa lugha ya wenyeji pale inapohitajika, ukijibu maswali machache bila kuzunguka: mtambo ulio karibu na nyumba hii uko mita ngapi; usiku sauti yake nje ya dirisha itakuwa desibeli ngapi, upepo ukiwa na kasi gani; nani atapima, na kwa zana za nani; jirani asiyekodisha ardhi atapata nini; na ikiwa kikomo kitapitwa, mtambo utapunguzwa kasi baada ya muda gani. Istilahi za kuyaandika hayo hazihitaji kubuniwa zote upya. Desibeli, wastani, mpigo, umbali, kikomo, kero na fidia zimo tayari katika lugha. Kinachokosekana ni mtu wa kuzipanga katika ukurasa mmoja na kuupeleka ukurasa huo kwenye mkutano wa hadhara kabla shimo la mnara wa kwanza halijachimbwa.

Maswali ya Kudurusu

1. Fafanua tofauti za kimaana kati ya 'kelele', 'mlio', 'mngurumo' na 'mvumo'. Ni lipi kati ya maneno hayo linafaa katika hati ya kisheria, na kwa nini?
2. "Kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi." Jadili methali hii ukirejelea wanaofaidika na wasiofaidika na mradi wa upepo.
3. Andika tangazo la maneno 150 la kusomwa redioni, ukiwaeleza wakazi maana ya kikomo cha desibeli 35 usiku.
4. Zuru eneo lenye mitambo ya upepo, kama vile vilima vya Ngong. Isikilize sauti yake ukiwa katika umbali tatu tofauti, kisha uieleze kwa tanakali za sauti. Je, maelezo yako yanaongeza nini juu ya tarakimu?